Vidato Kumi na Vitatu

Asubuhi ile jaji Prendergast alitusomea masharti
polepole, kama mfamasia anayesoma dozi:
msizungumze ndani ya basi,
msiulize, msiguse, msipime,
msifungue mlango ili kusikia kama unalia.
Mawakili wataonyesha kwa kidole, hawataeleza.
Na mtakachokiona huko si ushahidi,
ni taa tu ya kuusomea ushahidi.
Niliandika *taa* kwenye daftari,
halafu wakakusanya madaftari.

Tulikuwa kumi na wanne, wawili wa akiba,
katika basi la shule la kukodi,
magoti yakisukuma viti vya watoto.
Mvua ya Machi, iliyochoka kuwa theluji.
Nimeishi Fall River miaka hamsini na mitatu,
na siku hiyo nilipelekwa kama mgeni
mtaa wa nne kutoka kwangu.
Afisa Mulcahy alisimama mlangoni akichunga midomo yetu.
Jirani yangu wa kiti, Thibodeau, fundi wa mabomba,
alipiga chafya, akaomba radhi kwa macho.

Nyumba ya mbao, ghorofa tatu, rangi ya maziwa yaliyochacha.
"Tazameni dirisha hili," alisema wakili wa serikali.
Tukatazama.
"Tazameni mti huu," alisema wa utetezi.
Tukatazama mti.
Haukuwa na jani hata moja.
Bibi Arruda aliapa kwamba usiku ule wa Julai
alimwona Wendell Sokol kupitia matawi,
anashuka, amebeba kitu.
Julai mti huu huwaje?
Nimuulize nani?

Mshtakiwa alikuwepo; ni haki yake.
Mikono yake ilizama ndani ya mikono ya koti la kuazima
ili tusione kilichoifunga.
Alikuwa akitazama masanduku ya barua
kama mtu anayetafuta jina lake.

Kisha ngazi ya nyuma, mmoja mmoja.
Mimi nimeshona mapazia kiwandani miaka thelathini na mmoja;
kuhesabu kwangu si tendo, ni pumzi.
Jaji alisema *msipime*.
Miguu haikumsikia.
Moja, mbili, tatu, nne,
wa tano unazama kidogo,
kumi na mbili,
kumi na tatu.
Bibi Arruda alisikia vishindo tisa, kisha kimya.
Tisa, alisema, maana nilihesabu.

Macho hayana pazia, wanasema watu.
Mimi niliyeyashona kwa maelfu
nilitakiwa siku hiyo kuyashonea yangu.

Huko juu, sakafuni, mbao nne mpya
nyeupe katikati ya za kijivu.
Hakuna aliyesema *ni hapa*.
Hakuna aliyezikanyaga.
Dirisha la pili, mtoto mwenye kijiko mdomoni
alitupungia.
Masharti hayakutaja watoto.
Mikono ishirini na minane, hakuna ulioinuka.

Sharti la mwisho: msirudi peke yenu.
Siku kumi na moja sasa nazunguka kanisani,
dakika ishirini zaidi, na mfuko wa mkate.
Jana usiku nikachoka, nikashuka kwenye kona.
Mti ulikuwa pale pale, chini ya taa ya barabarani,
na kwenye ncha za matawi vitu vidogo vyekundu,
vimefumba kama ngumi za kichanga.
Nani angejua?
Nilisimama hadi mkate ukalowa.
Nikageuka.

Kesho watatufungia chumbani pamoja na kahawa mbaya.
Nitaandika swali kwenye karatasi, nitalikunja,
Mulcahy atalipeleka:
*ngazi ya nyuma ina vidato vingapi?*
Najua atakachojibu jaji.
Tegemeeni mlichosikia kizimbani.

Kizimbani tumesikia tisa.
Usiku huu, chini ya blanketi,
mguu wangu unatafuta cha kumi.